Tulipokuwa Wengi: Historia ya Ujirani katika Mitaa ya Lubumbashi

Nawasalimu kwanza jamaa zilizokimbia vita na fujo, ambazo leo zinalala katika nyumba za watu wengine hapa Lubumbashi: ninyi mliotoka Mitwaba na Pweto, ninyi wa Manono, ninyi mliofika kwa treni kutoka Kasai. Nawasalimu pia wakuu wa kartie na wa avenyu, machifu wa udongo, mapadri, wachungaji, maimamu, na akina mama wanaoongoza vikundi. Maneno ya leo yanahusu swali ambalo ninyi nyote mmelisikia penye bomba la maji: "Ninyi ni watu wa wapi?"

Swali hilo ni zuri likiulizwa na mtu anayetaka kukujua. Likiulizwa kwa sauti ile nyingine, maana yake inageuka. Linasema: sisi hapa tuko wengi, ninyi je? Kwa hiyo leo nitawasimulia historia ya watu ambao katika mji huu walikuwa wengi, kisha hawakuwa wengi tena. Tuone waliishije baada ya hapo. Kabla sijaingia studio, kijana mmoja wa mitambo aliniuliza, "Mwalimu, na wewe ni kabila gani?" Nilimwambia avumilie, nitamjibu mwishoni.

Tuanze kwa wenye udongo. Kabla ya mwaka 1910 hapakuwa na Élisabethville. Palikuwa na mto Lubumbashi, msitu wa miombo, vichuguu virefu kama nyumba, na vijiji vya Balamba. Majirani zao walikuwa Basanga, na katika miaka ya Msiri wote walitoa kodi kwa Bayeke wa Bunkeya. Watu wa nchi hii walijua shaba kabla ya Mzungu kufika. Waliichimba, wakaiyeyusha katika matanuru ya udongo, wakaimimina kuwa misalaba ambayo ilikuwa mali ya biashara na ya kuolea. Msiri aliuawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold. Mwaka 1906 ikaundwa kampuni ya Union Minière. Mwaka 1910 reli ya kutoka kusini, kutoka Rhodesia, ikafika, na mitaa ya mji ikapimwa kwa kamba, iliyonyooka kama mistari ya daftari. Mwaka 1911 tanuru la kampuni likaanza kutoa shaba.

Mfikirie Mulamba aliyekuwa kijana mwaka 1909. Kila mtu aliyekutana naye njiani alisema Kilamba. Alijua mti huu una mizinga ya nani na kaburi lile ni la nani. Miaka kumi baadaye anakwenda sokoni na unga wa mkewe, na wanunuzi wanasema Kibemba cha ng'ambo, Kinyanja, Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza, Kigiriki, Kitaliano. Hakuhama hata hatua moja. Mji ndio uliohamia kwake. Yule aliyekuwa mtu wa kwao kuliko wote akawa mmoja kati ya watu wengi asiowajua.

Balamba walifanya nini? Wengi wao hawakuenda mgodini. Waajiri wa kampuni walilalamika sana, na Wazungu wengine wakaandika kwamba Balamba ni wavivu. Neno hilo lilirudiwa pande zote mbili za mpaka, huku na upande wa Zambia ya leo, maana mpaka wa Wazungu ulilikata kabila hilo katikati. Mimi nasema haukuwa uvivu. Kazi ya mgodi katika miaka ile ilikuwa inaua watu kwa magonjwa na kwa ajali. Mtu mwenye mashamba karibu na mji wenye njaa, anayeweza kuuza unga, viazi, nyama ya porini, uyoga na makaa, kwa nini ashuke shimoni? Hesabu yao ilikuwa nzuri kwa siku ile.

Lakini hesabu hiyo ilikuwa na upande wa pili, na hapa naomba machifu wanisikilize. Nyumba za kambi, shule, hospitali, posho ya kila juma na mishahara vilikwenda kwa waliokuwa ndani ya mji. Mtoto wa mgeni alisoma, akawa karani. Mtoto wa mwenye udongo alibaki kando ya barabara na mfuko wa makaa. Mji ukaendelea kupanuka. Leo komini ya Annexe imeuzunguka mji wote kama mkanda, na kijiji kilichokuwa shamba mwaka juzi ni avenyu mwaka huu. Ugomvi wa viwanja unaofika kila siku mbele ya machifu ulianza zamani sana, siku ile wenye udongo walipodhani kwamba wakikaa kando mji utawapita. Majina yao yalibaki: Lubumbashi, Kafubu, Ruashi. Tunayataja kila siku, na wachache wetu tunajua kwamba tunataja maji ya Balamba.

Sasa wageni. Miaka ya kwanza wafanyakazi wengi wa migodi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, na makarani wengi walitoka Nyasaland. Baadaye kampuni ikatafuta watu Lomami, Kasai, Maniema, hata Ruanda na Urundi. Kuanzia miaka ya 1920 ikabadili mpango: badala ya kuchukua mwanaume peke yake kwa miezi michache, ilitaka aje na mke, akae miaka, azae watoto kambini. Mwaka 1928 reli ya B.C.K. ikafika Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, ikipita katikati ya Kasai. Tangu hapo njia ya kutoka Kasai hadi Katanga ikawa ya siku chache. Mukasai aliyesoma kwa mapadri alipanda treni na shahada yake mfukoni.

Watu hawa wote walisema lugha gani? Hili ni jambo la ajabu la mji wetu na hatulitafakari vya kutosha. Walisema Kiswahili, na Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya kundi lolote kubwa kati yao. Si Balamba, si Bakasai, si Babemba, si Baluba wa Kamina, si Balunda wa Kolwezi. Kila mtu alikuja na lugha yake nyumbani, kisha akatoka nje akakutana na jirani katika lugha ambayo hakuna aliyeweza kusema, "hii ni yangu, wewe unaivunja." Wote waliivunja pamoja, na watoto wakazaliwa ndani yake. Mwaka 1965 wazee waliokuwa watumishi wa nyumbani kwa Wazungu waliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili hicho chetu, na jina la André Yav likawa juu ya karatasi. Wataalamu wa nchi za mbali wanaisoma hadi leo. Sisi wenyewe wangapi tumeisoma?

Nataja jambo moja la mwaka 1941, kwa sababu vijana hawalijui. Wakati wa vita ya Wazungu bei zilipanda na mshahara ukabaki chini. Wafanyakazi wa Union Minière waligoma. Tarehe 9 Desemba 1941, kwenye uwanja wa mpira hapa mjini, askari waliwapiga risasi. Msemaji wao, karani Léonard Mpoyi, mtu wa Kasai, aliuawa pale pale, na makumi ya wengine pamoja naye. Waliosimama uwanjani siku ile walikuwa wa makabila mengi. Hawakuwa wamekubaliana juu ya nani mwenyeji. Walikubaliana juu ya unga na mshahara.

Kufika miaka ya 1950, Bakasai walikuwa kundi kubwa kuliko kabila lingine lolote katika mitaa mingi ya Waafrika. Katika Katuba, kwa mfano, ungeweza kupita avenyu nzima ukisikia Kiluba cha Kasai kwenye kila baraza. Walikuwa makarani, walimu, mafundi wa reli, wafanyabiashara. Walikuwa na vyama vyao vya kusaidiana: mtu akifiwa, chama kinanunua jeneza, kijana akifika kutoka kijijini, kuna mahali pa kulala. Vyama hivyo ni kitu kizuri, na kila kabila lilikuwa navyo. Lakini kundi likiwa kubwa lina hatari yake. Ukizungukwa na watu wako, huna haja ya kumtafuta jirani. Kilio chako kinajaa bila yeye. Arusi yako inajaa bila yeye. Unaweza kukaa miaka ishirini ukuta kwa ukuta na Musanga na usijue jina la mama yake.

Desemba 1957 uchaguzi wa kwanza ulifanyika katika miji michache ya Kongo, na Élisabethville ulikuwa mmojawapo. Waliopiga kura walikuwa wanaume tu. Watu walichagua wa kwao, na kwa kuwa wageni walikuwa wengi, wengi wa wakuu wapya wa komini, mabugumestri, walikuwa watu wenye asili ya nje ya Katanga. Walishinda kwa halali, na hakuna aliyeiba kura. Lakini wenye nchi waliangalia matokeo wakasema: kwanza reli, kisha kazi, sasa na kiti. Mwaka uliofuata, 1958, Conakat ikaundwa, chama cha wale waliojiita Wakatanga wa asili, na Godefroid Munongo, wa ukoo wa Msiri, kama rais wake wa kwanza. Baadaye Moïse Tshombe. Kusema kweli, hofu yao haikuwa ya bure kabisa. Walikuwa wamekaa kando miaka hamsini. Kosa ni kwamba walimwona aliyewaweka kando kuwa ni yule karani wa jirani, na kampuni iliyompa karani nyumba ikakaa salama.

Mnajua yaliyofuata. Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza Katanga kuwa nchi ya peke yake. Baluba wa Kasai, na pia Baluba wa kaskazini ya Katanga waliomfuata Jason Sendwe wa Balubakat, wakawa watu wa kushukiwa. Mwaka 1961 makumi ya maelfu walikimbilia kwa askari wa Umoja wa Mataifa nje ya mji, wakajenga kambi ya vibanda vya majani na magunia. Njaa, magonjwa na mauaji viliingia kambini. Mwaka 1962 wengi wao wakasafirishwa, wengine kwenda Kasai ambako hawakuwahi kukanyaga. Tazameni jinsi idadi ilivyogeuka. Kilichowapa ushindi mwaka 1957, yaani wingi wao, ndicho kilichowafanya waonekane hatari mwaka 1961. Mtu mmoja wa Kasai kati ya Basanga kumi ni jirani. Kartie nzima ya Bakasai, machoni pa mwenye hofu, ni jeshi.

Januari 1963 utengano ulikwisha, na Bakasai wakarudi. Hili watu wa nje hawalielewi, lakini sisi tunaelewa: kazi ilikuwa hapa, watoto walizaliwa hapa, makaburi ya wazazi yako hapa. Wakarudi Lubumbashi, Likasi, Kolwezi. Kampuni ikawa Gécamines, mkoa ukaitwa Shaba. Miaka ikapita, watu wakaoana. Wengine wakasahau.

Kisha shaba ikaanza kufa. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1994 kampuni haikutoa hata tani 50,000. Mkate ukipungua, watu wanaanza kuhesabu midomo. Novemba 1991 Gabriel Kyungu wa Kumwanza wa chama cha UFERI akawa gavana wa Shaba, na katika mikutano yake Bakasai waliitwa bilulu, wadudu. Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa kule Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu badala ya Nguz Karl-i-Bond wa Katanga. Habari hiyo ilipofika, Likasi ikawaka. Vijana wa chama walipita nyumba kwa nyumba. Machi 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Utawala wa Mobutu ulikuwa na askari wa kutosha kuzuia, na uliacha.

Mamia ya maelfu ya watu waliondoka. Katika stesheni ya Likasi jamaa zilikaa miezi zikingoja treni, zikilala juu ya saruji na masufuria yao. Watoto walikufa kwa surua, malaria na kuhara, stesheni na ndani ya mabehewa. Waliofika Mwene-Ditu na Mbuji-Mayi, vijana wao waliongea Kiswahili, na kwa Kiswahili hicho walijulikana kuwa si wa kule. Ndivyo walivyogundua kwamba wao ni Wakatanga: kwa kufukuzwa Katanga.

Hapa Lubumbashi kulikuwa na vitisho na watu walifukuzwa kazi, lakini moto haukufika pale ulipofika Likasi na Kolwezi. Kwa nini? Watu wanatoa sababu nyingi, na mimi nina yangu. Mji huu ulikuwa umechanganyika mno. Ilikuwa vigumu kuchoma nyumba bila kuchoma ya shemeji yako. Sisemi watu wa Lubumbashi ni wema kuliko wa Likasi. Nasema kuta zetu zilikuwa zimepakana kwa namna nyingine.

Tunafika sasa kwenye jambo ambalo ndilo sababu ya kipindi hiki. Waliobaki, na wale waliorudi baada ya mwaka 1997, waliishije? Hawakuwa tena wale wa mwaka 1957. Katika avenyu ambazo zamani zilikuwa zao nzima, sasa walikuwa nyumba moja hapa, nyumba nyingine pale. Nyumba nyingi ziliuzwa kwa bei ya kutupa wakati wa hofu, na wanunuzi walitoka kila upande. Mwaka 2003 Gécamines iliwaondoa kazini wafanyakazi wapatao elfu kumi kwa ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Na katika kambi za zamani, ambazo kampuni ilizipangia hata mahali pa kutupa takataka, wakaingia wapangaji, wachimbaji wa mikono, wafanyabiashara kutoka Kivu, watu wa Zambia.

Nimeongea na wazee wengi wa Kasai waliopitia hayo. Walionishangaza ni wale waliosema maneno haya, kila mmoja kwa namna yake: "Nilijifunza ujirani nikiwa mzee." Mmoja aliniambia kwamba kabla ya mwaka 1992 hakuwahi kulala penye kilio cha mtu asiye wa kabila lake. Sasa huenda kila kilio cha avenyu, anabeba kiti chake mwenyewe. Mama mmoja alikuwa na likelemba ya wanawake kumi na wawili wa kwao. Waliporudi walikuwa watatu. Ikabidi wawaingize Mubemba, Mutabwa, na Mulamba anayeuza makaa. Akacheka akasema likelemba ya sasa inalipa vizuri kuliko ile, maana hakuna anayeweza kuchelewesha hela kwa kisingizio cha undugu.

Wengine walichagua njia nyingine. Walijifungia. Walibadilisha majina ya watoto, wakakataza Kiluba nyumbani, wakajifanya hawana asili. Siwalaumu, hofu ina sheria zake. Lakini niliona kwamba jirani hakuwaamini zaidi kwa hilo. Mtu anayeficha kwao anaonekana kama anaficha kitu kingine. Na wapo waliofanya kinyume: walikusanyika tena kwenye kona moja, kanisa lao, soko lao, baa yao, wakiwangoja wenzao waongezeke ili "tuwe wengi kama zamani". Hao ndio wananitia wasiwasi, kwa sababu tumeona wingi ulivyomlinda mtu mwaka 1961.

Lakini msidhani neno hili linawahusu Bakasai peke yao. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa mikoa minne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kuna mtu wa Manono au wa Malemba-Nkulu ambaye mwaka 1992 alipiga kelele barabarani kwamba Katanga ni ya Wakatanga. Mwaka 2015 aliamka akakuta yeye si mwenyeji wa Haut-Katanga. Akiomba nafasi ya kazi hapa Lubumbashi, kuna anayemuuliza kama mkoa wake hauna kazi. Neno "wa asili" ni kama blanketi inayopungua kila inapofuliwa: mwaka 1958 lilifunika Katanga nzima, leo halifuniki hata Lubumbashi.

Na wakubwa? Chama cha Kyungu kiliingia upinzani mwaka 2015, na mwaka 2016 kikajikuta katika muungano mmoja na UDPS ya Tshisekedi yule yule. Kyungu alifariki mwaka 2021. Sisemi ni vibaya wanasiasa kupatana. Nasema tu kwamba wao walipatana wakiwa wamekaa mezani, na kwa mama aliyemzika mtoto kando ya reli mwaka 1992 hakuna mtu aliyepita kumwambia kwamba ugomvi umekwisha.

Ndugu mliokimbia makwenu, nawageukia ninyi. Kule mlikotoka huenda mlikuwa wengi. Katika kijiji chako cha Mitwaba kila mtu alikuwa mjomba au shemeji, na heshima yako ilijulikana. Hapa Annexe au Ruashi wewe ni mmoja, na mtoto mdogo anakuita "mkimbizi". Inauma. Balamba waliumia hivyo bila kuhama, Bakasai waliumia hivyo wakarudi wakaanza upya. Msingojee muwe wengi ndipo mkae kwa amani. Kilio kikianza kwa jirani, nenda, hata kama hujui nyimbo zao. Chama cha watu wa kwenu kiwepo, kinunue jeneza, kipokee vijana. Lakini siku mwanasiasa atakapofika penye chama hicho kuuliza mko wangapi, mpeni kiti na maji ya kunywa, na hesabu msimpe.

Na ninyi wakuu wa avenyu. Mnapoandika watu wapya kwenye daftari, andikeni jina, idadi ya watoto, ugonjwa kama upo, kazi anayoijua. Safu ya kabila iacheni wazi. Katika miaka ya 1992 na 1993 aliyetaka kujua nani anakaa wapi hakukosa mtu wa kumwonyesha. Pia, mkiita mkutano wa maji au wa usalama, msiwaite tu wale waliokaa muda mrefu. Mwenye udongo aitwe pia, hata kama sasa nyumba yake ni ya mwisho kando ya shamba. Yeye aliachwa nje ya mkutano tangu mwaka 1910.

Kijana wa mitambo ananitazama kupitia kioo, hajasahau swali lake. Nami sijalisahau. Baba yangu alikuwa Mukasai wa reli. Mama yangu ni Mulamba. Nilizaliwa komini ya Kenya. Mwaka 1992 kila upande ulinitaka nichague, nami nilikuwa na mahali pa kujificha pande zote mbili, kwa hiyo hadithi yangu si ya kusifiwa. Ya baba mkubwa wangu ni bora.

Yeye alikaa Likasi. Septemba 1992 aliondoka na mkewe na watoto kwa kukimbia, akampa ufunguo jirani yake, mama mmoja wa Kisanga, mjane. Alimwambia apangishe vyumba, amtunzie hela. Alirudi mwaka 1998 akiwa amemzika mkewe Mbuji-Mayi. Mjane alimletea daftari. Kodi ya kila mwezi ilikuwa imeandikwa humo kwa mwandiko wa mtoto wa shule. Na hela zenyewe alizileta, kifurushi cha noti za zamani za zaire zilizofungwa kwa kamba, ambazo wakati huo hazikuweza kununua hata kibiriti. Baba mkubwa alianza kumshukuru, yeye akamkatiza. Alisema alipoona hela zinaoza, mwaka wa pili, aliwaambia wapangaji wasilipe tena kwa noti. Akamshika mkono akampeleka nyuma ya nyumba. Chini ya mwembe kulikuwa na mabati arobaini na mawili, yamepangwa vizuri na kufunikwa magunia, na juu yake kuku walikuwa wamelala.